Ukame Usiothibitishwa wa Mto Luhanya

Nchi yetu haina ukame. Naliweka hili mbele kabisa ili msomaji asije akaanza kusoma akiwa na wasiwasi, halafu wasiwasi wake ukamletea matatizo na vyombo husika. Ninachosimulia hapa ni namna serikali yetu sikivu ilivyolithibitisha jambo hilo kitaalamu. Nilikuwepo, tena na maiki mkononi, maana kazi yangu ni ushereheshaji. Nimesherehesha harusi za mawaziri, uzinduzi wa vyoo vya soko, na maadhimisho ya jiwe la msingi la daraja ambalo mpaka leo bado ni jiwe la msingi.

Mto Luhanya unatoka milimani, unaingia katika Bwawa la Ushindi, kisha unatakiwa utokee upande wa pili na kushuka mpaka kijiji cha Itandula. Nasema unatakiwa kwa sababu lango la bwawa lilikuwa limefungwa. Juu ya bwawa kuna hoteli ya waheshimiwa inayoelea, na hoteli inayoelea ukiipunguzia maji inakuwa hoteli iliyokaa matopeni, jambo lisiloendana na hadhi ya taifa. Hata hivyo sheria yetu ni ya haki. Inasema lango litafunguliwa kwa ajili ya watu wa chini mara tu ukame wa mto utakapothibitishwa kwa kipimo. Haikusema kipimo kipi, kwa kuwa waliopitisha sheria ile walikuwa wanawahi chakula cha mchana.

Kule Itandula alikuwepo mama mmoja anaitwa Bi Nyamizi, mke wa Hamduni. Mto ulipokauka, Hamduni ndiye aliyechimba shimo katikati ya mchanga wa mto ili kijiji kipate maji ya kunywa. Maji yalipozidi kuzama, naye akazidi kuyafuata, mpaka ikafika wakati wa kumshusha kwa kamba, Bi Nyamizi akiishika huku juu. Mchanga wa mto hauna adabu. Unaporomoka bila taarifa, na katika vijiji vya jirani ulikuwa umekwishafukia watu. Bi Nyamizi alikuwa na shida moja tu hapa duniani: lango lifunguliwe kabla shimo halijamchukua mumewe.

Akafunga safari mpaka makao makuu, kwa Mheshimiwa Kalumbeta, Waziri wa Maji, Utulivu na Sura ya Nchi.

"Mheshimiwa, mto umekauka," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nimeuona kwa macho, baba."

"Kwa macho!" Waziri akacheka, na walinzi wake nao wakacheka, maana ndiyo kazi yao. "Mama, macho si kipimo. Macho yana hisia. Wewe hapo ulipo una kiu, sasa macho yako yataacha kusema mto umekauka? Rudi nyumbani, tutauliza vipimo."

"Wakati mnauliza, mume wangu anashuka shimoni kila siku."

"Mwambie asishuke."

"Tunywe nini?"

Waziri akaitazama saa yake, na Bi Nyamizi akatolewa nje kwa heshima zote, ameshikwa huku na huku.

*

Vipimo vikaulizwa, na hapo ndipo aibu ilipotokea. Serikali ilikuwa navyo vitatu, kila kimoja kina wizara yake, na kila kimoja kikasema la kwake.

Kipimo cha Mtiririko kilikuwa cha Wizara ya Maji yenyewe. Kinaangalia maji yanayopita mtoni leo, kinayalinganisha na yaliyokuwa yakipita mwezi kama huu miaka yote iliyopita. Sifuri maana yake mto uko kama ilivyo kawaida yake. Chini ya sifuri, umepungukiwa. Hasi mbili ni ukame mkali. Kikasema hasi tatu.

Kipimo cha Bwawa kilikuwa cha Wizara ya Umeme. Chenyewe kinaangalia kina cha maji bwawani, na kwa kuwa lango lilikuwa limefungwa, bwawa lilikuwa limeshiba. Kikasema chanya moja na nusu, neema tupu.

Kipimo cha Mvua kilikuwa cha Wizara ya Kilimo. Chombo chake cha kukingia mvua kiliwekwa katika bustani ya waziri wa wizara hiyo, kwa usalama, na bustani ile hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Kikasema sifuri na kidogo, hali ya kuridhisha.

Profesa Ndelwa, mtaalamu aliyekuwa akikitunza Kipimo cha Mtiririko, akasimama kueleza kwamba hakuna cha kushangaza, kila kipimo kinapima kitu chake, hiki mvua, kile bwawa, kile mto, na kwamba watu wa Itandula hawanywi bwawa wala bustani, wanakunywa mto. Akaambiwa akae. Hakuna aliyekuwa ameuliza watu wa Itandula wanakunywa nini.

Tatizo lililokuwa mezani lilikuwa la umoja. Vipimo vitatu vya serikali moja vinapingana mbele ya watu! Nchi yetu haina desturi hiyo. Kwetu, watu wakitofautiana hatuulizi nani mkweli, maana hilo huleta chuki. Tunawaweka kitako, tunapika pilau, kila mmoja analegeza kidogo, tunapeana mikono. Ikaundwa Kamati ya Usuluhishi wa Vipimo, mimi nikaitwa kuisherehesha.

Mheshimiwa Kalumbeta akafungua kikao kwa hotuba ambayo nusu yake ilikuwa kujisalimia mwenyewe kwa vyeo vyake. Halafu akaingia kwenye hoja.

"Ndugu wajumbe, mimi nimelelewa katika familia kubwa. Kaka zangu walipogombana, marehemu baba hakuuliza nani ana haki. Aliuliza nani mdogo, na mdogo akaomba radhi, nyumba ikatulia. Sasa nauliza: kati ya vipimo hivi vitatu, kipi ni kidogo?"

Wajumbe wakatazamana. Wakapiga hesabu. Hasi tatu ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote.

"Basi Kipimo cha Mtiririko kiombe radhi," akasema Waziri, na nikawaomba wajumbe makofi ya kilo, wakanipa.

*

Kipimo hakina mdomo, kwa hiyo Profesa Ndelwa akatakiwa aombe radhi kwa niaba yake. Lakini radhi peke yake haikutosha. Kipimo kilitakiwa kijirekebishe. Waziri akataka aelezwe kilikosea wapi.

"Hakijakosea, Mheshimiwa. Kinaulinganisha mto wa leo na mto wa miaka iliyopita."

"Miaka iliyopita ya nani?"

"Miaka... iliyopita tu, Mheshimiwa. Miaka thelathini hivi."

"Yaani unauchukua mto wa awamu hii unaupambanisha na mto wa awamu zilizotangulia? Halafu unatangaza kwamba wa kwao ulikuwa na maji kuliko wa kwetu?" Waziri akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyeonewa. "Profesa, nani kakutuma?"

Profesa Ndelwa ana watoto wanaosoma. Akasema hakutumwa na mtu.

"Basi futa hayo ya zamani. Ulinganishe mto na hali yake ya sasa. Miezi hii hii."

"Mheshimiwa, miezi hii mto haukuwa na tone. Tukisema hiyo ndiyo kawaida yake, siku kikipita kikombe cha maji pale, kipimo kitapiga kelele kwamba ni mafuriko."

"Mafuriko ni ukame?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi unaogopa nini?"

Profesa akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na viatu vyake, kwamba kipimo kile kimeunganishwa na mitambo ya bwawa. Kikivuka chanya mbili, ving'ora vinalia mto mzima na lango linafunguka lenyewe lote, ili ukuta usipasuke. Mitambo ile ilifungwa na wafadhili, na ina kasoro moja kubwa, haiwezi kupokea maelekezo kutoka juu. Waziri akamwambia asiwatishe wajumbe kwa mambo ya kigeni, na kabla jua halijazama Profesa akapewa gari jipya.

Kesho yake Kipimo cha Mtiririko kikasema sifuri kamili. Mto mkavu uliolinganishwa na mto mkavu ni mto wa kawaida. Vipimo vitatu vikawa na kauli moja, hakuna hata kimoja kilicho chini ya sifuri, na pilau ikaliwa mpaka watu wakalegeza mikanda. Mimi mwenyewe nilikula sahani mbili. Nasikia siku ile ile kule Itandula kuta za shimo zilimeguka zikamfukia Hamduni mpaka kiunoni, wakamvuta kwa kamba akatoka na kiatu kimoja. Habari hiyo haikufika mezani, na ingefika ingeharibu chakula.

*

Ikaamuliwa hali ya kawaida izinduliwe rasmi, palepale Itandula, ndani ya mto, kwa sababu ndipo palipokuwa tambarare na pasipo na miti ya kuzuia kamera. Mahema yakasimamishwa juu ya mchanga. Zulia jekundu likatandikwa pale ambapo zamani watu walivuka kwa mtumbwi. Vumbi lilikuwa jingi, likaletwa boza la maji kutoka mjini, likazunguka mtoni, upande wa juu kidogo ya yalipo mahema, likimwaga maji ili viatu vya waheshimiwa visichafuke. Wanawake wa Itandula walisimama na ndoo zao wakiliangalia. Mmoja akasogea, askari akamrudisha, maana yale yalikuwa maji ya vumbi.

Jukumu langu lilikuwa pia kuwapanga wazungumzaji. Bi Nyamizi alichaguliwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya akina mama, kwa kuwa ndiye aliyelalamika, na aliyelalamika akishukuru inapendeza zaidi kwenye taarifa ya habari.

"Mama," nikamwambia, "utasema ahsante, basi. Usirefushe."

"Ahsante ya nini, mwanangu?"

"Ya kipimo."

"Kinanyweka?"

Nikamwelekeza akae mstari wa mbele. Lakini hakukaa, alikwenda kwenye shimo, maana alimwona mumewe anajifunga kamba. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemwamuru Hamduni ashuke achote maji ya wageni kunawa mikono kabla ya kula. Maji ya boza yalikuwa yamekwisha kwenye vumbi.

"Leo usishuke, baba Zawadi," Bi Nyamizi akamwambia. "Juzi limekufukia. Hao wageni wanawe kwa mate yao."

"Nikikataa watasema nimemhujumu Waziri. Madumu mawili tu, natoka."

"Nani atashika kamba? Mimi wameniita huko mbele nikashukuru."

Hamduni akatazama huku na huku. Akaichukua ncha ya kamba akaifunga kwenye nguzo ya hema kuu, lile la waheshimiwa, lililokuwa limepigiliwa imara kuliko kitu chochote kijijini. "Haya, serikali itanishikia," akasema, na mkewe akacheka bila kupenda. Akashuka.

Mheshimiwa Kalumbeta alikuwa katikati ya hotuba, anafafanua tofauti kati ya kukosa maji na kutokuwa na maji, wakati maji ya boza yalipojikusanya kwenye mfereji mwembamba, yakateremka, yakapita kwenye chombo cha Kipimo cha Mtiririko, kilichofungwa palepale mchangani. Yalikuwa maji ya kutosha kufulia shati moja. Lakini kwa mto ambao kawaida yake iliyosuluhishwa ni kutokuwa na tone, hayo yalikuwa mafuriko ambayo dunia haijapata kuyaona. Kipimo kikaruka mpaka chanya kumi na moja. Ving'ora vikalia mto mzima.

Hapa sina budi kumweleza msomaji wa nchi za mbali desturi yetu. Kwetu king'ora ni msafara. Kikilia unaacha unachofanya, unasimama wima, huvuki, hugeuki, hata kama umebeba mgonjwa, mpaka mkubwa apite. Tumefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, kwa fimbo. Kwa hiyo vilipolia, mkutano mzima ukasimama kimya. Waziri mwenyewe alikata hotuba akanyoosha tai, akiamini anakuja mkubwa kuliko yeye. Nami nikasema kwenye spika zote, "Mabibi na mabwana, tusimame, mgeni wetu anaingia." Bwawani lango lilikuwa linafunguka, lote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mguu.

Bi Nyamizi peke yake ndiye aliyekimbia. Alikuwa amelisikia lingine lililokuwa chini ya ving'ora, ngurumo ya mto, kitu ambacho watu wa mjini hatukijui. Askari akamdaka mkono.

"Simama! Husikii king'ora?"

"Mume wangu yuko shimoni!"

"Atatoka msafara ukishapita."

"Maji yanakuja! Niache, jamani, maji!"

"Mama, unafanya fujo mbele ya Waziri."

Maji yakatokea konani, mekundu, yamebeba magogo. Hapo ndipo desturi ilipotushinda, tukakimbia. Waheshimiwa walibebwa mgongoni mpaka ukingoni, wakapona wote, namshukuru Mungu kama nilivyoelekezwa. Hema kuu likang'oka na nguzo zake zote, na kamba ikaenda nalo. Yule askari hakumwachia Bi Nyamizi mpaka alipokuwa naye juu ya ukingo, na baadaye alipewa cheti cha uokoaji.

*

Hamduni aliokotwa kwenye vichaka, mbali kidogo na kijiji. Kule bwawani hoteli ilikuwa imeanza kulalia upande, glasi zinateleza mezani, kwa hiyo mitambo ya wafadhili ikakatiwa umeme na lango likasukumwa likafungwa kwa mikono ya askari wengi. Maji ya Itandula yalipita mchana mmoja. Kabla ya magharibi mchanga ulikuwa umekwishayanywa yote. Mashimo yote ya kijiji yalikuwa yamejaa mchanga mpaka mdomoni.

Waziri hakuondoka. Alilala kwenye gari na asubuhi akahutubia, mimi nikimshikia maiki.

"Nasikitika sana. Lakini ndugu zangu, tuseme ukweli. Huyu ndugu yetu kafa nini? Kafa maji. Sasa wale wanaodai nchi hii ina ukame, wanieleze: penye ukame, mtu anakufaje maji?"

Walipiga makofi, wale waliokuja naye. Profesa Ndelwa akaambiwa aandike kwamba kimepatikana kipimo cha nne, kisicho na mabishano, na kwamba marehemu ametoa mchango usiosahaulika kwa taaluma. Msaada wa waathirika wa mafuriko ukawasili papo hapo: majaketi ya kuelea, ya rangi ya machungwa, kila kaya moja. Nimeona mengi katika kazi yangu, lakini sijaona kitu kinachokera kama watoto wenye midomo iliyopasuka kwa kiu wamevaa majaketi ya kuelea.

Mwili wa Hamduni ulilazwa uani, nyuma ya pazia la kanga, ukisubiri kuoshwa. Na hapakuwa na maji ya kumwosha. Walitafuta nyumba kwa nyumba, wakatafuta kijiji cha pili, wakarudi na ndoo kavu. Sheikh Zubeiri, imamu wa Itandula, akasema dini imerahisisha: maji yasipopatikana, marehemu anatayamamiwa. Unapiga viganja juu ya udongo safi, unampangusa uso, unampangusa mikono, anakwenda kwa Mola wake akiwa ametwaharika. Akakunja mikono ya kanzu.

Waziri akaambiwa na watu wake maana ya jambo hilo. Akainua pazia la kanga akaingia uani, mimi na maiki nyuma yake, na chupa yake ya maji ya kunywa mkononi.

"Sheikh, nimekukuta wakati mwafaka. Hiyo tayamamu hufanyi."

"Kwa nini, Mheshimiwa?"

"Kwa sababu ni ya pasipo na maji. Ukiifanya, umetangaza ukame. Mto huu jana ulikuwa chanya kumi na moja, na marehemu huyu ndiye ushahidi wenyewe. Mwosheni kwa maji."

"Tumeyatafuta hatukuyapata."

"Mmetumia kipimo gani?"

Sheikh Zubeiri akaikunjua mikono ya kanzu. Akageuka akamtazama Bi Nyamizi, aliyekuwa amekaa kichwani kwa mumewe tangu usiku. Sasa akainuka.

"Basi lete maji," akamwambia Waziri.

"Mama, pole sana, lakini utaratibu—"

"Sitaki pole. Umesema maji yapo. Lete. Sikuombi ndoo." Akaionyesha ile chupa kwa kidole. "Hayo hayo uliyoshika. Nimpanguse mume wangu uso, umzike na kipimo chako."

Hata mimi niliishusha maiki. Waziri akaitazama chupa, ilikuwa imebaki nusu. Akaitazama kamera. Kisha akafungua kizibo, akanywa kidogo, akafunga, akampa mlinzi wake airudishe kwenye gari.

Sheikh Zubeiri akapiga viganja vyake juu ya udongo, akampangusa Hamduni uso. Alipoinama apige mara ya pili, askari wakamshika mabega. Walimsomea kosa palepale, kuthibitisha ukame bila kuwa kipimo kilichosajiliwa, wakamtoa nje ya pazia. Mikono ya marehemu ilikuwa haijaguswa. Ilikuwa na sugu za kamba, na mchanga chini ya kucha.

Bi Nyamizi akapiga magoti. Akapiga viganja chini, akaushika mkono wa kulia wa mumewe akaupangusa taratibu, kisha wa kushoto, bila haraka, kana kwamba uani hakuna mtu mwingine. Akaifunika kwa sanda. Halafu akasimama, akamgeukia askari aliyekuwa karibu, akamnyooshea mikono yake miwili yenye udongo amtie pingu.